Huyu si tulimzika? Kwa nini tamthilia tamu huchuja

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kuandika na kuhariri skripti za tamthilia, hawaniulizi nimeandika nini. Wananiuliza kwa nini ile waliyokuwa wakiipenda imeharibika. Hapa Kigoma nimeulizwa hivyo kwenye saluni za Mwanga, kwenye daladala ya Ujiji, na kwa akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, ambao jua likizama wanawahi nyumbani kuwasha kisimbuzi. Kila mmoja ana tamthilia yake iliyomvunja moyo. Na wengi wana jibu tayari: waandishi wameishiwa. Mara nyingi si kweli, na leo nataka kulieleza hilo kwa kirefu.

Mtazamaji anaweka hesabu. Hana daftari, lakini anakumbuka nani alimuua nani, nani anaijua siri ya mtoto, nani aliapa nini mbele ya kaburi. Hesabu hizo ndizo zinazomfanya akeshe. Tamthilia inachuja siku hesabu hizo zinapofutwa kama vile hazikuwahi kuwepo: aliyekufa anarudi, msaliti anasamehewa bila kuomba, kiapo kinasahaulika. Anayesababisha zifutwe kwa kawaida si mwandishi. Ni idadi ya episodi, na idadi hiyo wanaipanga watu wa biashara.

Chukua Prison Break, ambayo iliwafundisha vijana wengi wa huku kukesha. Tuliiangalia kwenye vibanda umiza, kwenye diski zilizobeba msimu mzima, baadaye kwenye flashi zilizozunguka mtaa hadi zikachakaa. Ilianza kurushwa na Fox ya Marekani Agosti 2005. Swali lake lilikuwa moja, na mtoto wa darasa la tano angeweza kulieleza: Je, Michael Scofield atamtoa kaka yake Lincoln gerezani Fox River kabla hajauawa kwenye kiti cha umeme kwa kosa ambalo hakulifanya? Ramani ya gereza iko mwilini mwa Michael, imefichwa ndani ya michoro ya tatuu. Kila kitu kinarudi kwenye swali hilo. Mlinzi akibadilishiwa zamu, moyo unakwenda mbio, kwa sababu tunajua siku zinahesabika.

Swali hilo likajibiwa mwisho wa msimu wa kwanza. Wakatoka.

Fox mwanzoni iliagiza episodi 13 tu. Watazamaji walipoongezeka, ikaongeza nyingine 9, zikawa 22. Msimu wa pili ukaagizwa, tena 22. Kama msomaji wa skripti nauheshimu sana ule msimu wa pili, kwa sababu waandishi walikuta swali lingine lililokuwa tayari ndani ya lile la kwanza: mtu akishatoroka, anaweza kweli kuwa huru? Wafungwa wanane wamesambaa, kila mmoja na tamaa yake, na anayewasaka, Mahone, ana akili sawa na Michael. Hesabu za msimu wa kwanza zilikuwa bado zinadai, na zililipwa.

Msimu wa tatu ndipo utaona biashara inaanza kuandika badala ya mwandishi. Michael yuko gerezani tena, safari hii Sona, Panama. Kama kazi yako inaitwa kuvunja gereza na magereza yameisha, itabidi utafute gereza jingine. Mwigizaji wa Dk. Sara, daktari wa Fox River na mpenzi wa Michael, Sarah Wayne Callies, hakurudi msimu huo, hivyo mhusika wake akauawa: Lincoln anafungua boksi na kukuta kichwa. Watu walilia. Juu ya hayo, Novemba 2007 waandishi wa Hollywood wakagoma hadi Februari 2008, na msimu ukaishia kwenye episodi 13. Msimu wa nne ulipoanza, Sara yuko hai. Kile kichwa kilikuwa cha mtu mwingine.

Nilikuwa Ujiji kwa bibi mmoja jirani, wajukuu zake wakiangalia hapo hapo sebuleni. Bibi huyo hajui Kiingereza, lakini anaifuata hadithi kwa macho kuliko wengi wetu. Akaniuliza, “Mwanangu, huyu si tulimzika?” Nikamwambia, “Ndiyo bibi, tulimzika.” Akanyamaza kidogo, akasema, “Basi wengine wakifa sitalia.” Sijasikia mhakiki yeyote akieleza hasara ile kwa usahihi zaidi. Mhusika mmoja akifufuliwa bila gharama, vifo vyote vinavyofuata vinapoteza uzito, hata vile vilivyoandikwa vizuri. Mwaka 2009 Michael mwenyewe akafa, tukaoneshwa kaburi lake, na mwaka 2017 tukaambiwa yuko hai, amefungwa Yemen. Najua watu waliokataa hata kuigusa ile flashi.

Sasa, kwa nini wasiishie pale walipotoka Fox River? Kwa sababu televisheni ya matangazo ya Marekani haikuwa ikinunua hadithi. Ilikuwa inanunua nafasi ya kuweka matangazo, na msimu wa kawaida ulikuwa na episodi kama 22. Tamthilia ikikaribia episodi 100, mwenye nayo anaweza kuiuza upya kwa vituo vingine vikairudia kila siku, na huko ndiko kulikokuwa na fedha kubwa. Mwandishi aliyepanga kisa cha msimu mmoja anajikuta ana kazi yenye mafanikio na hana hadithi. Kukataa ni kuwaachisha kazi watu zaidi ya mia: wapiga picha, mafundi, wapishi, madereva. Sijawahi kumlaumu mtu anayekubali.

Waliojaribu kuupinga mfumo huo kwa uwazi ni waandishi wa Lost. Ndege imeanguka kisiwani, kisiwa kina siri. Damon Lindelof na Carlton Cuse hawakujua wanatakiwa kwenda kwa miaka mingapi, na kama hujui safari ni ndefu kiasi gani, huwezi kutoa siri yoyote, unazungusha. Msimu wa tatu episodi nzima ilitumika kueleza tatuu zilizo mwilini mwa Jack, mmoja wa walionusurika, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analisubiri. Mei 2007 wakakubaliana na ABC, kituo kilichokuwa kikiirusha: misimu mitatu zaidi, episodi 16 kila mmoja, mwisho 2010. Mwisho wa msimu huo huo wa tatu hadithi ikapata nguvu mpya, ikaruka mbele ya wakati na kutuonesha watu ambao tayari wameshaondoka kisiwani. Mwisho wenyewe wa 2010 bado watu wanaubishania, na nadhani wana haki. Siri zilizofunguliwa wakati hakuna aliyejua mwisho ni upi zilikuwa nyingi mno kufungwa zote. Lakini tofauti kati ya kabla na baada ya tarehe ile iko wazi kwa yeyote anayeiangalia mfululizo.

Idadi ndogo nayo inaua. Game of Thrones ilikwenda na episodi 10 kwa kila msimu kwa misimu sita. Wa saba ulikuwa na 7, wa nane na 6, zikawa 73 kwa jumla kuanzia 2011 hadi 2019. HBO, kituo kilichoirusha, ilikuwa tayari kutoa zaidi. Waandishi wakuu wa kazi hiyo, David Benioff na D. B. Weiss, ndio walioamua kufunga. Kitabu cha tano cha mfululizo walioutegemea kilitoka 2011 na cha sita hakikutoka, hivyo walijua kwa muhtasari wanakofika bila kuwa na vituo vya njiani. Daenerys, malkia mwenye madragoni, akauchoma mji. Wengi wanadhani watazamaji walikasirika kwa sababu ya alichofanya. Mimi naamini walikasirika kwa sababu hawakupelekwa pale hatua kwa hatua. Kwa sisi watu wa Kigoma, ni kama kupanda treni hapa na kuambiwa umefika Dar wakati hujaona Tabora. Watu zaidi ya milioni moja wakatia saini kwenye mtandao kutaka msimu wa nane uandikwe upya. Mtu hafanyi hivyo kwa kitu asichokijali, na nasikitika kila ninaposikia watazamaji wale wakiitwa wasumbufu.

Kuhusu Money Heist nitasema kidogo tu. Ilioneshwa na Antena 3 ya Hispania mwaka 2017, episodi 15, hadithi ikaisha: wezi wameingia kiwanda cha fedha, wametoka. Netflix ikainunua, ikaikata upya, dunia nzima ikavaa ovaroli nyekundu, na ikabidi waliokwisha kutoka warudishwe kazini, safari hii Benki ya Hispania. Kuna mambo mazuri mle. Ila ile haraka ya mara ya kwanza haipo, maana tayari tumeshawaona wakishinda.

Nataka kukaa zaidi kwenye tamthilia za Kituruki, kwa sababu ndizo zinazoangaliwa majumbani huku, zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili, na malalamiko juu yake huwa yanatupiwa watu wasiohusika. Nchini Uturuki tamthilia huoneshwa mara moja kwa wiki, na episodi moja ina urefu wa saa mbili au zaidi. Ni filamu nzima kila wiki. Waandishi wanaandika huku kazi inarushwa. Takwimu za watazamaji zinatoka asubuhi inayofuata, na zikishuka, kazi inafungwa ndani ya wiki chache. Zikipanda, hakuna kufunga. Tamthilia hizo zikiuzwa nje, zile saa mbili zinakatwa vipande vya dakika 45 hivi. Tamthilia ya Sultan Suleiman na mkewe Hürrem ilikuwa na episodi 139 kwao, huku nje zikawa zaidi ya 300.

Maana yake kwa mama wa Gungu ni hii: episodi anayoiona leo haikuandikwa iishie pale ilipoishia. Mwandishi aliweka taharuki yake mwisho wa saa mbili, wewe umekatiwa katikati ya mtu anamimina chai. Kesho unaanza na watu wanatazamana kimya kwa muda mrefu. Kutazamana kule kulikuwa na maana katika mwendo wa filamu nzima. Kwenye kipande cha dakika 45 kunaonekana ni kuvuta muda. Sehemu ya uchovu anaoulaumu mtazamaji wetu imetoka kwenye mkasi.

Sehemu tu. Kazi ndefu namna hiyo inawachosha waigizaji pia. Meryem Uzerli, aliyekuwa Hürrem, aliondoka 2013, na nafasi ikachukuliwa na Vahide Perçin. Kwenye Ertuğrul, Esra Bilgiç, aliyekuwa Halime mke wa Ertuğrul, hakuwemo msimu wa tano. Hadithi ikaruka miaka mbele na Halime akawa marehemu. Waandishi walifanya lililowezekana, tena kwa heshima. Lakini mtazamaji aliyekuwa na Halime jioni kwa jioni alikuwa na haki ya kumwomboleza kwa muda wa kutosha, na hakupewa.

Tamthilia zetu wenyewe zina ugonjwa huu kwa namna yake. Mwigizaji anapata jina, anapata kazi yenye malipo bora, anaondoka katikati. Bajeti hairuhusu kumsubiri. Basi simu inaita sebuleni, mtu anaipokea, anapiga ukunga, na mhusika tuliyemfuata mwaka mzima amekufa kwa ajali nje ya kamera. Au amesafiri Afrika Kusini, hatajwi tena. Nimeletewa skripti za aina hiyo nizihariri, na ninachofanya kwanza ni kuuliza: nani alikuwa anamdai? Kama alikuwa na siri, nani ameirithi? Kama alikuwa na mke, mke anaamkaje kesho? Kifo cha simu kinaweza kuokolewa endapo episodi tano zinazofuata zitakibeba. Kisipobebwa, watu wanazima.

Sisi tulishawahi kulifanya vizuri, na kwa vifaa vichache. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio wenye lengo la kuelimisha kuhusu UKIMWI na uzazi wa mpango. Mkwaju, dereva wa lori, ana wanawake njia nzima. Mkewe Tunu anavumilia, halafu haendelei kuvumilia. Anaondoka na kuanza biashara yake. Mkwaju anaugua na kufa. Mchezo wa aina ile hupangwa kuanzia kule unakopaswa kumfikisha msikilizaji, hivyo kila safari ya Mkwaju ilikuwa na bei, na bei ilikuja kulipwa. Hakurudi msimu uliofuata kusema ilikuwa ndoto. Ninaposikia kwamba watazamaji wetu wanataka tu mizunguko na vilio, nakumbuka kwamba watu wa nchi hii walifuata mchezo ule kwa miaka, kwa masikio tu.

Nayasema haya nikiwalenga zaidi vijana wa hapa wanaopiga tamthilia kwa simu na kuzipandisha YouTube. Nimeona kazi zao zilizopigwa Katonga na Bangwe, na zina macho mazuri sana. Tatizo ni lile lile la Fox, kwa udogo: episodi ya tatu inapata watazamaji wengi, mnaacha mpango, mnaanza kuandika kulingana na maoni ya usiku uliopita. Mhusika anayependwa hafi tena, adui anakuwa mwema ghafla, na kufika episodi ya kumi na mbili hakuna anayejua kisa kilihusu nini. Amueni idadi kabla hamjawasha kamera. Andikeni sini ya mwisho, hata kama ni nusu ukurasa, na kila mtu kwenye kundi aisome. Mkipata mdhamini anayetaka muongeze, mpeni hadithi mpya yenye swali jipya, hata kwa waigizaji wale wale.

Wengi mna namba yangu. Mnaponiletea skripti niisome, leteni na ile nusu ukurasa.