Meli hospitali ikiwa safarini haipasui mtu

Swali limerudi tena, na safari hii limetoka kwa mhudumu wa afya hapahapa Mtwara: eti meli za hospitali za kujitolea hupakia wagonjwa bandarini, zinang'oa nanga, na upasuaji unafanyika njiani. Mvuvi wa Msanga Mkuu hawezi kuuliza hivyo. Pepo za kusi anazijua.

Tuelewane. Meli za shirika la Mercy Ships, yaani Africa Mercy, iliyokuwa feri ya kubeba treni huko Denmark, na Global Mercy, iliyokabidhiwa mwaka 2021, hupasua zikiwa zimefungwa gatini, miezi kama 10 kwenye bandari moja. Meli ikiondoka, hospitali inageuka stoo. Thieta zinafungwa, inabaki kliniki ndogo ya watu wa melini wenyewe: malaria, kidole kilichobanwa na mlango, kutapika.

Kuifunga hospitali kwa ajili ya safari ndiko watu hudharau. Chochote chenye magurudumu ni adui. Breki hazitoshi, meli ikienda mrama, mashine ya usingizi huteleza na breki zake. Isogezwe ukutani, ifungwe mikanda miwili: mmoja chini karibu na magurudumu, mmoja juu ya kiuno. Ukifunga wa juu peke yake, miguu itateleza. Wa chini peke yake, itapinduka. Vitanda vinashushwa hadi mwisho na kufungwa kwa safu. Stendi za dripu zinalazwa. Mtungi wa oksijeni: funga valvu, toa regulata, rudisha kofia, usimamishe ndani ya fremu yake kwa mnyororo. Ukianguka valvu ikakatika, huo si mtungi tena, ni kombora. Otoklevu, mashine ya kutakasa vyuma kwa mvuke, hutolewa maji yote. Droo hubandikwa tepu, na hapo ndipo wengi hukosea, maana tepu haizuii droo iliyojaa vyuma. Itoe vyuma au ifunge mkanda. Friji ya dawa haizimwi, na joto lake linaendelea kuandikwa: nyuzi 2 hadi 8. CT-skani imekazwa sakafuni, lakini ikifika hupimwa upya kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Mtu akishakubali hayo yote, anakuja na hili: "Kumbe ni mawimbi tu. Bahari ikitulia si wanaweza?" Hapo ndipo ninapochoka. Kukata kunawezekana baharini. USNS Comfort na USNS Mercy za jeshi la wanamaji la Marekani zina thieta 12 na vitanda 1,000 kila moja, na zimepangwa kwa kazi hiyo. Shida ni kinachofuata kisu. Kwenye meli hizi za kujitolea damu hutegemea zaidi mikono ya watu wa melini, waliokwisha kupimwa kundi, wanaoitwa ikihitajika. Wauguzi wengi huondoka kwa ndege kabla ya safari, kwa hiyo wachangiaji nao wamepungua. King'ora cha dharura kikilia, milio saba mifupi na mmoja mrefu, kila mtu avae jaketi okozi na afike kituoni kwake. Aliyeamka kwenye usingizi muda si mrefu atapandaje ngazi? Na mgonjwa wa Toamasina, Madagaska, akishonwa njiani kuelekea Durban, nyuzi atatolewa na nani? Nyumbani atarudi kwa nauli ya nani?

Njia hiyo ya Durban yenyewe haina utani. Mkondo wa bahari wa Agulhas unashuka kusini-magharibi, na upepo mkali ukitoka hukohuko kuukabili, mawimbi husimama wima. Sinarizini, dawa ya kuzuia kutapika safarini, imezwe saa mbili kabla, siyo baada ya kutapika. Tangawizi? Wanaoiamini waendelee.

Kuna jambo miongozo hulipita haraka: upasuaji usimamishwe lini kabla ya kuondoka? Mtoto wa jicho waweza kuendelea hadi karibu na mwisho. Makovu ya moto yaliyokunja kiwiko yanadai wiki nyingi za bandeji na mazoezi, kwa hiyo upasuaji wake husimamishwa mapema. Ukiwahi mno, kuna watu wanabaki na viwiko vilivyokunjika wakati thieta ipo. Ukichelewa, kidonda kinaachiwa hospitali ya mkoa ambayo haikukishona. Sijaona tarehe ya kufunga ambayo haimwonei mtu.

Mshahara? Hakuna. Wa kujitolea hulipa nauli yake na gharama za kuishi melini, hata awe daktari bingwa. Atakayeniuliza nafasi za kazi aanze na hesabu hiyo.