Presha ni nini, na mwili huitunzaje?

Mama aliyeinama tangu asubuhi akipalilia karanga Chamwino anasimama ghafla, macho yanaingia giza, anashikilia jembe asianguke. Wenzake watasema presha imeshuka. Ni kweli imeshuka, lakini kabla hajamaliza kufuta jasho mwili umeshairudisha. Huko kuirudisha ndiko kunakostahili kuelezwa, maana wengi wetu tunalijua neno presha kama jina la ugonjwa tu.

Presha, yaani shinikizo la damu, ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za ateri, mishipa inayotoa damu kwenye moyo. Kila aliye hai anayo. Inategemea mambo mawili: moyo unasukuma damu kiasi gani kwa dakika, na mishipa midogo imebana au imelegea kiasi gani. Aliyewahi kumwagilia zabibu kwa mpira anajua: ukifungua bomba zaidi, mpira unakaza; ukibana mdomo wake kwa kidole, unakaza pia.

Mama yule aliposimama, nusu lita ya damu au zaidi iliteremkia miguuni na tumboni. Damu inayorudi moyoni ikapungua. Kwenye ateri za shingo, na kwenye tao la mshipa mkuu juu ya moyo, kuna vihisi vinavyopima jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Ukuta ukilegea, vihisi hupunguza ishara zinazokwenda kwenye shina la ubongo, na ubongo unaelewa. Unaamuru moyo upige haraka na kwa nguvu zaidi, na mishipa ibane. Yote haya ni sekunde chache. Akiwa hajanywa maji tangu alfajiri, juani, damu yenyewe imepungua ujazo, na kizunguzungu kinachelewa kuondoka.

Kazi ya siku nyingi ni ya figo. Presha ikishuka, figo hutoa renini, kemikali inayoanzisha kutengenezwa kwa anjiotensini kutokana na protini ya ini. Hatua ya mwisho hufanyika zaidi kwenye mapafu. Anjiotensini hubana mishipa, tena huzifanya tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki. Presha ikipanda, figo huachia vyote viwili. Ndiyo maana daktari huuliza kuhusu chumvi, na ndiyo maana baadhi ya vidonge vya presha humfanya mtu akojoe sana.

Kinachonitia wasiwasi ni hiki: presha ikikaa juu kwa siku kadhaa, vihisi vya shingoni huizoea. Kuanzia 140 kwa 90 (presha moyo unaposukuma, kisha unapopumzika) tayari huhesabiwa kuwa juu, lakini mwenye 160 kwa 100 anaweza kutembea kutoka Majengo hadi Jamatini, Dodoma mjini, bila kuhisi lolote. Vihisi vyake vipo kazini. Sasa vinailinda 160. Akisubiri kuumwa kichwa ndipo akapime, huenda kichwa kisiume kabisa.