Hilo bunda "lisiloguswa" limeshaguswa

Jumamosi iliyopita kaka mmoja wa Mombasa alikuja mezani kwangu kwenye maonyesho ya sarafu hapa Ohio, bunda la peni, zile sarafu za senti moja za Marekani, mkononi, kalishika kama aliyebeba yai. Dola 35 kalipa mtandaoni. Kwenye ncha moja ya karatasi ilichungulia peni ya 1908, ile yenye kichwa kilichovaa manyoya. Ncha ya pili peni ya chuma ya 1943. "Aliyeniuzia kasema halijapekuliwa tangu litoke benki," akaniambia, macho yanang'aa. Nikamwomba akae kwanza. Huyo ni wa nne tangu mwezi uanze, na koo langu limeshakauka kwa maneno yale yale. Leo nayaandika ili wa tano nimpe asome.

"Bunda hili halijawahi kupekuliwa"

Peni mpya zilikuwa zikitoka kiwandani kwa wingi, na benki pamoja na kampuni za kuhesabu fedha ndizo zilizozifunga karatasi, 50 kwa bunda. Kwa hiyo bunda la kweli la peni ambazo hazijatumika huwa na mwaka mmoja na kiwanda kimoja: ukifungua la 1956 la kiwanda cha Denver, zote 50 ni 1956 na zote zina D, herufi ya kiwanda hicho. Sasa niambie, peni ya 1908 na ya 1943 zimekutana wapi hadi zikasimama kila moja mlango wake, kama mabawabu? Huo ni mkono wa mtu.

Mara nyingine muuzaji hadai kuwa peni ni mpya. Anasema tu ni za masuke, mchanganyiko, "hazijaguswa". Masuke ya ngano yalikaa mgongoni mwa peni ya Lincoln kuanzia 1909 hadi 1958. Mwaka 1959 yakaondolewa, likawekwa jengo la kumbukumbu yake. Mimi huchukua sanduku zima benki, mabunda 50, peni 2,500 kwa dola 25, na nikitoa masuke kumi humo naona siku imekuwa njema. Muuzaji wetu kapata 50 tupu bila kutazama hata moja? Aliyekuletea mchele usio na chuya hata punje moja asikuapie kwamba hakuuchambua.

Mchezo wenyewe huwa hivi. Mtu ananunua peni za masuke kwa maelfu, anatoa kila yenye thamani, zilizobaki anazifunga upya. Mashine ya kukunja ncha za karatasi inauzwa. Karatasi kuukuu zenye majina ya benki zilizokufa zinauzwa pia. Halafu anatia chambo nchani. Peni ya 1908 iliyolika ni dola mbili tatu. Ya chuma ya 1943 haiadimiki hata kidogo, maana mwaka ule shaba ilihitajika vitani na zikagongwa za chuma zaidi ya bilioni moja. Kwa chambo cha dola nne anavua samaki wa 35.

Tulilifungua bunda la yule kaka pale pale. Ndani mlikuwa na miaka ya 40 na 50, zimelika, nyingine zimeota ukungu wa kijani. Pamoja na chambo hazikufika dola 10. Ukiacha ile ya chambo, hapakuwa na hata moja ya kabla ya 1934, na peni 50 za masuke kukosa kabisa za miaka ya 10 na ya 20 si bahati mbaya. Ni chekeche limepita.

Mabunda ya zamani ya kweli yapo, nimeyashika. Peni mbili za nchani, zilizopigwa na hewa miaka 60, huwa zimeiva kahawia kama chai ya rangi, mara nyingine zikiwa na alama ya duara pale karatasi ilipokunjwa. Za katikati huwa nyekundu na zimelingana. Bunda linalong'aa hadi nchani, jiulize limefungwa lini.

Na hata la kweli usilinunue kwa tamaa ya lile kosa la 1955, lenye maandishi na tarehe pacha. Peni zile, kama 20,000 na ushee zilizotoka nje, ni za kiwanda cha Philadelphia, na nyingi ziliingia mitaani kama chenji ndani ya pakiti za sigara zilizouzwa kwa mashine huko kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ndiyo maana nyingi zinazopatikana zimeguswa na mikono kidogo. Hazikulala kwenye mabunda zikikusubiri. Utakachokuta kwenye mabunda ya mwaka huo ni ile wanayoiita pacha ya maskini, tarakimu ya mwisho iliyovimba kwa sababu muhuri wa kugongea ulichakaa. Haina bei ya maana. Nimeshaonyeshwa nyingi na watu walioanza kupanga kununua nyumba.

Ushauri wangu haujabadilika kwa miaka: nunua peni moja unayoiona pande zote mbili, au nenda benki ukachukue kwa thamani yake iliyoandikwa. Ukikosa, unarudisha na hujapoteza senti. Ila rudisha tawi lingine. Keshia uliyemchosha asubuhi hatakuchekea jioni.

"Chache zilizogongwa ndizo ghali"

Si lazima. Kiwanda cha San Francisco kiligonga peni 866,000 mwaka 1931. Denver iligonga 1,193,000 mwaka 1914. Kwa hesabu ya wengi ya 1931 ndiyo ingekuwa ghali. Zitazame zile ambazo hazijatumika: ya 1914 inaiacha ya 1931 mbali sana kwa bei. Ya 1931 wajanja waliijua mapema, wakazifungia ndani zingali mpya. Ya 1914 hakuna aliyeijali, ikanunua mikate na magazeti hadi ikalika. Cha kuuliza ni ngapi zilibaki bila kuguswa.

Swali hilo hilo ndilo linaloyaangusha mabunda ya miaka ya 50. Mwaka 1955 kiwanda cha San Francisco kilipojulikana kinaacha kugonga sarafu, watu walizikimbilia peni zake, na katika milioni 44 na nusu zilizotoka mabunda kwa mabunda yakaenda kabatini. Kufikia mwanzo wa miaka ya 60 watu waliuziana mabunda kama hisa, kisha soko likaporomoka katikati ya muongo. Mabunda yale bado yako kwenye makabati ya Marekani. Denver peke yake iligonga peni zaidi ya milioni 800 mwaka 1958. Ni nzuri kuzitazama, nyekundu kweli kweli, na bunda zima huenda lisikununulie zaidi ya chakula cha mchana.

Na "haijatumika" maana yake haijalika. Makovu inaweza kuwa nayo tele, kwa sababu kwenye mfuko wa kiwandani peni hugongana zenyewe kwa zenyewe kabla hujaziona.

"Nina ya 1943 ya shaba"

Huna. Za kweli zipo, zinahesabika, na ndizo zinazowafanya jamaa wa Dar wanitumie picha usiku wa manane. Weka sumaku: ikinasa, ni ya chuma iliyopakwa shaba. Isiponasa, bado usishangilie, maana kuna walioichonga 8 ya 1948 ikawa 3. Lete tuitazame kwa lenzi.

"Haina herufi, basi ni kosa la kiwanda"

Philadelphia haiweki herufi kwenye peni. Imeweka P mara moja tu, mwaka 2017, kusherehekea miaka 225 ya kiwanda. Kwa hiyo peni isiyo na herufi ni ya Philadelphia, karibu kila mara, na video inayokuambia vingine inatafuta watazamaji. Mwaka wa kujisumbua ni 1922, kwa kuwa peni za mwaka ule ziligongwa Denver peke yake, na zipo ambazo D yake ilififia hadi ikapotea.

"Peni zimekoma, niweke mabunda mapya"

Ya mwisho ya matumizi iligongwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025. Kuitengeneza moja kulishafika kugharimu zaidi ya senti tatu na nusu. Lakini zilizoko nje zinakadiriwa kuwa bilioni 300, na kila mtu kaweka bunda kama wewe. Wanaoweka za kabla ya 1982 ili wayeyushe shaba nao wajue kwamba Marekani imepiga marufuku kuziyeyusha. Waweke kwa mapenzi tu.

"Nimezisafisha kidogo zipendeze"

Hapa ndipo ninapokaribia kulia. Dada mmoja aliniletea peni za 1909 alizoachiwa na mzee aliyemtunza kazini, akazisugua kwa ukwaju na majivu kama bibi yake alivyosugua sinia na mabuli ya kahawa. Ziling'aa vibaya, waridi kama ngozi iliyochubuka. Mnunuzi anaona hilo kutoka ng'ambo ya meza, na bei inaanguka zaidi ya nusu. Limao, siki, dawa ya meno, vyote ni hivyo hivyo: vinakula ngozi ya shaba, na ikishaliwa hairudi. Kama kuna gundi ya selotepu imeshika, loweka kwenye asetoni halisi, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato, mbali na moto, madirisha wazi. Itoe kwa kushika ukingo, ilaze juu ya kitambaa cha pamba, ikauke yenyewe. Usiifute.