Mtaa Hautulii kwa Sababu Uko Mbali na Mji

Wiki hii mtu mwingine ameniambia, kwa maneno yaleyale ninayoyasikia tangu nianze kazi ya mipango miji hapa Tabora, kwamba amenunua kiwanja nje ya mji kwa sababu kule kumetulia. Nilipomuuliza mchoro wa mipango miji unaonyesha matumizi gani ya ardhi mahali pale, alijibu kwamba hajauona mchoro, ila alifika saa nne asubuhi na hakusikia chochote isipokuwa ndege. Imani hii inawagharimu watu akiba ya miaka mingi, na kila ninapoieleza kwa mdomo huishia kwa mtu mmoja, kwa hiyo safari hii naieleza kwa maandishi.

Alichokikuta yule bwana ni viwanja ambavyo wenyewe hawajahamia. Penye mapagale mawili, shamba la mihogo na bikoni za mipaka zilizofunikwa na majani, kila kipande kina mwenyewe, na kila mwenyewe atakuja na lori la mchanga, mafundi, watoto, mbwa, pikipiki na redio yake. Mtaa hauwezi kuhukumiwa kwa hali uliyonayo kabla haujakaliwa. Umbali kutoka stesheni au sokoni hausemi lolote kuhusu kitakachojengwa mkabala na chumba chako cha kulala.

Hata zile sehemu za uzunguni za enzi za ukoloni, ambazo wengi huzitaja kama mfano wa utulivu, katika miji mingi ya Tanganyika hazikuwa mbali na boma wala na ofisi. Zilitulia kwa sababu mchoro uliziwekea viwanja vikubwa, ukazuia biashara ndani yake na kuziachia nafasi ya wazi pembeni, tena kwa ubaguzi uliowasukuma wengine kwenye msongamano. Ubaguzi ule sisemi turudie, ila nataka ieleweke kwamba utulivu wake uliamuliwa mezani.

Kinachoamua, kabla ya kitu kingine chochote, ni matumizi ya ardhi yaliyopangwa chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Kiwanja cha makazi pekee na kiwanja cha makazi na biashara vinaweza kupakana, vikawa vyote mita 20 kwa 20, na dalali akakuonyesha vyote viwili kwa bei moja bila kukuambia tofauti yake. Katika kile cha pili, jirani yako ana haki ya kujenga fremu mbele ya nyumba yake na kuzipangisha, na mpangaji wa fremu anaweza kuwa fundi cherehani au fundi wa kuchomelea mageti anayewasha grenda saa moja asubuhi. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinaruhusu sauti kubwa zaidi kwenye makazi yaliyochanganyika na biashara kuliko kwenye makazi pekee, na za usiku zimewekewa kiwango cha chini kuliko za mchana. Maana yake ni kwamba watu wawili wanaosikia kelele ileile wanaweza kufikisha lalamiko lilelile, mmoja akasikilizwa na mwingine akaambiwa avumilie, kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwenye barua ya toleo, yaani ile ya kumilikishwa kiwanja, ambayo hawakuisoma.

Hapa nina shaka ambayo vitabu tulivyosomea haviigusi. Tulifundishwa kutenganisha matumizi, nami sina hakika tena kwamba fundisho hilo linaufaa mji wetu kama lilivyo. Mtaa wa makazi pekee unamlazimisha mama kupanda bodaboda kufuata chumvi na vitunguu, kwa hiyo haupiti muda mrefu kabla dirisha la nyumba moja halijawa duka na baraza la nyumba nyingine halijawa genge, huku eneo tulilolitenga kwa ajili ya huduma likiota majani. Duka la dirishani halimnyimi mtu usingizi, na ningependa lihesabiwe kuwa sehemu halali ya makazi. Ugumu ni kwamba njia iliyofunguliwa na duka ndiyo anayoipita mwenye grosari, akianza na soda na mabenchi mawili, kisha bia, kisha spika, na mimi bado sijaona namna ya kuandika mpaka kati ya hao wawili ambao utasimamiwa kweli mtaani.

Kuhusu barabara nitasema kwa kifupi. Njia inayounganisha barabara kubwa mbili itapitiwa na bodaboda usiku na mchana hata kama leo ni ya vumbi, na ikiwekwa lami itapitiwa zaidi. Njia inayoishia ndani ya mtaa hupitiwa na wakazi wake tu. Mchoro unaonyesha jambo hili waziwazi.

Linaloniudhi zaidi ni watu kuamini kwamba ukuta na miti vitawaokoa. Sauti inayotoka kwenye chanzo kimoja, kama spika ya grosari, hupungua kwa takriban desibeli 6, desibeli ikiwa ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti, kila umbali unapoongezeka maradufu. Ukitoka mita 50 hadi mita 400 umepunguza desibeli 18 tu, ilhali sikio la mtu linahitaji pungufu ya kama desibeli 10 ili lihisi kwamba sauti imeshuka nusu. Barabara yenye magari mfululizo ni mbaya zaidi, kwani huko kila maradufu ya umbali hupunguza desibeli 3 tu. Ukuta husaidia ikiwa unakizuia chanzo kisionekane kabisa kutoka dirishani kwako, na hata hapo besi huuruka na kukufikia kitandani. Miembe, ambayo mji wetu unajivunia, inatupa kivuli na matunda, lakini mstari mmoja wa miembe hauzuii sauti kwa kiasi cha maana. Ingehitajika miti minene yenye kina cha makumi ya mita, na hakuna kiwanja cha mtu wa kawaida chenye nafasi hiyo.

Kuna pia suala la majira. Tabora iko kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi, mbingu zikiwa hazina mawingu, ardhi hupoa haraka na hewa iliyo karibu nayo huwa baridi kuliko ile ya juu. Sauti husafiri polepole zaidi katika hewa ya baridi, kwa hiyo mawimbi yaliyokuwa yakielekea juu hupinda na kurudi chini. Ndiyo sababu mwezi Julai honi ya treni husikika katika mitaa ambayo mchana isingeifikia. Anayekagua kiwanja saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapasha ardhi joto na sauti zikipinda kwenda juu, amechagua saa ambayo mahali hapo hapafichui chochote. Aende Jumamosi usiku, katikati ya kiangazi, akae saa nzima.

Kuishi katika mtaa uliotulia kweli kuna upande ambao dalali hausemi. Mchana watu wazima wako kazini, watoto wako shule, na mwizi anayejua hivyo hahitaji kungoja giza. Katika mitaa ya zamani kama Ng'ambo, mgeni akigonga mlango usio wake kuna bibi barazani atakayemuuliza anamtafuta nani. Katika mtaa wa mageti hakuna baraza. Sisi wa nchi ya Unyamwezi tunapaswa kulielewa hili, kwa kuwa sungusungu walioanza Usukumani na Unyamwezini mapema miaka ya 1980 waliwezekana kwa sababu watu walifahamiana kwa sura na wakaitikia mwano, yaani yowe la kuita msaada. Nimeona mtaa uliopimwa vizuri ambapo msiba ulipotokea majirani waliulizana getini jina la marehemu. Mchoro wangu hauna rangi ya kuonyesha kasoro hiyo, na sijui kama kubana viwanja kidogo na kurudisha vibaraza vinavyotazama njia kungeiondoa, ingawa ningependa tujaribu.

Kwa anayetaka kununua, kazi yenyewe ni ndogo. Apeleke namba ya kitalu na ya kiwanja ofisi ya ardhi ya manispaa, aombe kuonyeshwa mchoro, asome matumizi ya kiwanja chake na ya vyote vinavyokizunguka, kisha afuatilie kwa kidole kila njia inayopita mbele yake mpaka aone inaishia wapi. Kwa aliyekwisha kuhamia, jirani hawezi kugeuza makazi kuwa ukumbi kwa uamuzi wake mwenyewe. Lazima aombe mabadiliko ya matumizi, na ombi hilo hutangazwa ili wenye pingamizi walete. Pingamizi huandikwa kwa barua, likitaja namba ya kiwanja na madhara yenyewe, na huwasilishwa kabla muda uliotajwa kwenye tangazo haujapita. Likija baada ya ukumbi kuezekwa, sisi wa ofisini tunakuwa na machache sana ya kufanya.