Jua likipiga, mharage hupunguza hesabu kwanza

Juni hii mama mmoja jirani yetu hapa Masindi, Uganda, alinijia na ungo wa maharage yasiyopukuchuliwa. "Mwanangu, hebu tazama. Jua limenipiga, maganda ni machache, mengine yana punje mbili tu. Lakini punje zenyewe zimenona! Ina maana hii ni mbegu ya nguvu kuliko ya mwaka jana?"

Mimi kazi yangu ni ikolojia ya mimea, na swali kama hilo hunifanya niache kila kitu. Tulikaa barazani tukaanza kupasua.

Ganda la mharage huanza na vijiyai vitano au sita, yaani chembe zinazokuja kuwa punje, vyote vikingojea sukari ile ile inayotengenezwa na majani. Mvua ikikatika wakati wa maua, majani hufunga vitundu vyake yasipoteze maji, na sukari hupungua. Hapo mmea haumpi kila mtoto kidogo kidogo. Hupukutisha maua kwanza. Hata msimu mzuri mharage huweza kuangusha zaidi ya nusu ya maua yake. Kisha huacha baadhi ya vijiyai vife ndani ya ganda, mara nyingi vya upande wa kikonyo. Nilimwonyesha mama: vidoa vikavu, kama kichwa cha sindano. Punje zilizobaki zimekula fungu la hao.

Mwaka 1974 wanaikolojia Smith na Fretwell walieleza hesabu iliyo nyuma ya jambo hili. Mbegu ikiwa ndogo mno, mche hufa kabla ya kujitegemea. Ikizidi ukubwa, chakula cha ziada hakiusaidii mche kitu, afadhali kingetengeneza mbegu nyingine. Ndiyo maana mmea ulioshiba huongeza idadi ya mbegu kuliko ukubwa wake. Ila ukame ukichelewa, ukaja wakati idadi imeshapangwa, basi punje zote husinyaa pamoja. Kwa hiyo ungo ule ulikuwa unatuambia hata jua lilipiga lini: mapema, maua yakiwa bado.

Ukubwa unaofaa hutegemea pia mche utaanzia wapi maisha. Twende msitu wa Budongo, si mbali na hapa. Mvule hutoa mbegu ndogondogo, popo wakazisambaza, na mche wake unahitaji uwazi wenye mwanga. Mti mwingine, muhimbi, una mbegu kubwa. Ganda lake hupasuka kwa kishindo na kuzirusha, na mche huvumilia kivuli ukila akiba aliyouwekea mama yake. Eggeling, mtaalamu wa misitu aliyeandika juu ya Budongo mwaka 1947, alionyesha jinsi muhimbi unavyotawala msitu uliozeeka. Sababu ni zaidi ya moja, lakini mimi naamini akiba ile ina mchango mkubwa.

Nikamjibu mama. Mharage hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo punje nono ni mbegu ile ile ya mwaka jana, iliyopata walaji wachache. Itaota kwa nguvu, lakini haina urithi mpya. Na kwa kuwa yeye, kama wengi hapa, hupanda mchanganyiko wa aina kadhaa, cha kutafuta ni shina lililofunga maganda mengi chini ya jua lile lile.

"Basi nimekosea kuangalia punje," alisema. Bado alikuwa na matuta mawili hayajang'olewa. Jioni nilimwona huko, akifunga vitambaa vyekundu kwenye mashina.