Kuruka kwa Umeme Lamu: Hesabu ya Dakika Nane

Kutoka gatini Lamu hadi uwanja wa ndege wa Manda ni mkondo wa bahari tu, ndiyo maana watu wanauliza kama chombo cha kuruka cha umeme, cha mtu mmoja, kingefaa hapa. Kwa safari fupi, kinafaa. Tupige hesabu.

Chukua chombo chenye mikono minne na rafadha (mapanga yanayozunguka) za kipenyo cha mita 1.6, uzito wote kilo 180, rubani akiwa ndani. Kuning'inia hewani tu kunakula takriban kilowati 28. Betri ya kilo 40 hubeba kama kilowati-saa 7. Ukibakisha asilimia 20 isiguswe, unapata dakika 12. Toa nne za akiba, zimebaki nane. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni kilomita 10 na kidogo. Kusi ikikupiga usoni kwa kilomita 35 kwa saa, zinashuka hadi 6. Manda utafika, Mokowe pia upepo ukitulia, Kiunga usahau. Kuongeza betri hakusaidii sana, kwani uzito ukizidi kwa asilimia 10, umeme unaoliwa huzidi kwa 15.

Kila mkono uwe na mota mbili, moja juu na moja chini, kila moja na kidhibiti chake. Ukiwa na mota nne pekee, moja ikizima chombo kinapinduka. Parachuti nayo inahitaji kimo ili ifunguke. Karibu na maji ni mzigo tu, kwa hiyo jaketi la kuokolea maisha ni lazima.

Wanaoanza huangushwa na kushuka wima kwa haraka. Rafadha huingia kwenye upepo zilioutupa zenyewe, na ukiongeza nguvu ndipo chombo kinazidi kuzama. Sogea mbele kwanza, kisha shuka. Upepo huo wa chini hukaribia kilomita 70 kwa saa: hung'oa makuti na kuingiza mchanga wa Shela kwenye beringi za mota. Punda nao hawatakusubiri ujieleze.

Kila jioni chomoa plagi ya betri uitazame. Ukiona ukijani kwenye shaba, chumvi imeshaingia. Hapo umeme hupita kwa shida, plagi hupata moto na huweza kuyeyuka ukiwa angani. Ibadilishe, usiikwangue. Betri iliyozama baharini isichajiwe kamwe: inaweza kuwaka saa nyingi baadaye. Iweke nje, mita 15 mbali na jengo lolote, si ndani ya nyumba za mtaa wa Mkomani zilizobanana ukuta kwa ukuta.

Kwa uokoaji, chombo hiki hakimbebi mtu wa pili. Kinaweza kumdondoshea boya anayezama, boti ikiwa njiani, lakini kazi hiyo droni isiyo na rubani huifanya kwa gharama ndogo zaidi. Anayetaka kuruka kwa burudani aanze na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kabla ya kununua chochote: ndege za abiria zinatua Manda, na anga hiyo ina wenyewe.