Si Jeuri, Hasikii: Maswali na Majibu Kuhusu Mbwa Wanaorithi Uziwi

Aliletwa dume la Rhodesian Ridgeback la miezi kumi, kifua kipana, na ule mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele mgongoni. Mwenyewe analalamika: "Daktari, huyu ameanza jeuri. Zamani nikimwita anakuja mbio, siku hizi ananipa mgongo." Mbwa amejilaza chini ya benchi, kasinzia. Nikapiga mluzi nikiwa mlangoni. Sikio halikucheza. Nikatikisa funguo, kimya. Nikainama nikampulizia manyoya ya shingoni, akakurupuka. Yule bwana akatazama chini. "Na mimi nimekuwa nikimchapa," akasema.

Mengi ya maswali haya ni yake, machache nimeulizwa na wafugaji wengine.

Mbona alipokuwa mdogo alikuwa anasikia vizuri?

Alikuwa anasikia kweli. Uziwi wa kurithi hauji kwa njia moja. Upo unaompata mtoto ndani ya wiki chache tu baada ya kuzaliwa, kama kwa Dalmatian, wale weupe wenye madoa. Huo huambatana na weupe wa manyoya. Wa Ridgeback ni mwingine. Mtoto husikia, kisha kuanzia karibu miezi minne usikivu unapungua kidogo kidogo, na akifikia mwaka mmoja au miwili umekwisha. Border Collie naye ana wake, unaomjia akiwa mtu mzima, mara nyingi kati ya miaka mitatu na mitano.

Ndani kabisa ya sikio kuna kifereji kilichojikunja kama konokono, na humo mna seli zenye vinyweleo vidogo mno vinavyotikiswa na sauti. Kwa Ridgeback kasoro imepatikana kwenye jeni iitwayo EPS8L2. Kazi yake ni kutengeneza protini inayokaa kwenye ncha za vinyweleo hivyo. Protini ikiwa mbovu, vinyweleo haviwezi kudumu katika hali yake, na seli zikishakufa hazioti tena.

Baba yake anasikia, mama yake anasikia. Karithi kwa nani?

Kwa wote wawili. Kila mbwa ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Akiwa na mbovu moja na nzima moja anasikia kama kawaida, lakini ni mbebaji. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa kiziwi, asilimia 50 wa kuwa mbebaji, na asilimia 25 wa kutoka salama kabisa. Si hesabu ya kugawa maandazi: kwenye watoto wanane wanaweza kutoka viziwi wanne, au asitoke hata mmoja, na mfugaji akaapa kwamba damu yake ni safi.

Kipimo cha vinasaba kipo. Unasugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mbwa, kinapelekwa maabara. Mbebaji mwenye sifa nzuri si lazima umhasi. Mpandishe na asiyebeba, hutapata mtoto kiziwi, ila watoto nao wapimwe kabla hawajapandishwa.

Aliyeniuzia alinionyesha cheti kwamba masikio yalipimwa akiwa na wiki sita.

Hapo ndipo wengi huponzwa. Kuna kipimo kinachofanyika katika baadhi ya hospitali kubwa za wanyama: mbwa anachomekwa visindano vyembamba chini ya ngozi ya kichwa, anasikilizishwa mlio wa tik-tik, na mashine inachora jinsi ubongo unavyoitikia. Ni kipimo kizuri sana. Lakini kinasema anachosikia leo. Ridgeback wa wiki sita mwenye nakala mbili mbovu atakipita vizuri tu, kwa sababu uziwi wake haujaanza. Kwa aina hii ya mbwa, cheti cha kuulizia ni cha vinasaba, chake au cha wazazi wake.

Naweza kumpima nyumbani?

Unaweza kupata fununu. Msubiri alale, kaa chumba kingine, kisha piga mluzi au gonga sufuria. Usipige makofi karibu naye: atahisi upepo, atahisi mtikisiko wa sakafu, nawe utadhani amesikia. Tazama sikio, si kichwa. Kama kuna mbwa mwingine ndani, mtoe nje kwanza, maana huyu atakuwa anamfuata mwenzake.

Kisha nenda kwa daktari wa mifugo. Nta, utitiri wa masikio na usaha navyo huziba usikivu, na hivyo vinatibika. Usimtie dawa ya matone kwa kubahatisha. Baadhi ya dawa, gentamicin ikiwa mojawapo, zinaweza kuharibu sikio la ndani ngoma ya sikio ikiwa imetoboka.

Kuna dawa ya huu wa kurithi?

Hakuna.

Basi nifanye nini?

Mfundishe ishara za mikono, na uanze wakati bado anasikia kidogo. Hii ndiyo faida ya uziwi unaokuja polepole, na watu wengi huipoteza wakibishana na mbwa.

Tuseme anajua neno "kaa". Inua kiganja, subiri kidogo, ndipo useme "kaa". Akikaa, mwonyeshe dole gumba, mpe dagaa. Mkono utangulie neno. Ukifanya vyote kwa pamoja atafuata neno alilolizoea, mkono hataujali. Baada ya siku kadhaa utaona anakaa kabla hujafungua mdomo. Chagua ishara ambazo nyumba nzima itazitumia, pamoja na dada wa kazi na mlinzi.

Usiku tumia tochi: washa na kuzima mara mbili, maana yake njoo. Kola inayotetema inafaa pia, mradi umfundishe taratibu kwamba mtetemo maana yake ni kukutazama wewe. Ile ya kupiga shoti iache dukani.

Nje ya geti, kamba kila siku, bila kujidanganya. Bodaboda haimsubiri asiyesikia honi. Kwenye kola andika "Mimi kiziwi" na namba yako ya simu.

Bado anaweza kulinda?

Peke yake, hapana. Ridgeback alianzia kusini mwa Afrika, viwango vyake vikaandikwa Bulawayo mwaka 1922, na aliwahi kutumika kuwasaka simba. Ukubwa na pua bado anavyo, ila komeo likifunguliwa saa nane usiku ataendelea kukoroma. Mweke na mwenzake anayesikia.

Akishtuliwa anang'ata?

Anaweza, kama mbwa yeyote aliyegutushwa usingizini. Mzoeshe: sogeza mkono karibu na pua anuse, mguse begani, akifumbua macho mpe kitu kitamu. Rudia hadi mguso uwe na maana ya chakula. Watoto waambiwe wasimrukie akiwa amelala. Chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe, na mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Niendelee kuongea naye?

Ongea. Mtu akinyamaza, uso nao hukauka, na mbwa anausoma sana uso. Yule bwana aliniambia bado humwambia dume lake "kijana, twende" kila asubuhi akishika kamba, na mkia unaanza kupiga ukuta kabla hajamaliza.